Shukrani na Saburi

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa kazi ya kusoma Maandiko Matakatifu hukoma siku ile mtu abatizwapo, au siku apokeapo hati yake ya shule. Mtoto hujifunza Amri za Mungu, husoma sura za Injili mbele ya mwalimu wake, naye hufanya hayo yote kwa bidii, maana anajua kwamba ataulizwa. Kisha siku ya kuulizwa hupita. Kitabu hutiwa sandukuni chini ya nguo, na tangu siku hiyo wakifunguao ni mende tu. Mtu huyo hakumkana Mungu, wala hakuvunja sheria ya nchi. Akiulizwa dini yake atasema kwamba yeye ni Mkristo. Lakini neno alilojifunza halina kazi tena katika maisha yake.

Kosa hili ni kubwa kuliko lionekanavyo. Mwizi hujulikana kuwa mwizi, na mlevi huonwa njiani akipepesuka, na wote wawili waweza kuonywa na wazee. Lakini mtu aliyeacha kitabu chake haonwi na mtu yeyote, wala yeye mwenyewe hajioni. Kwa hiyo yampasa mwanafunzi afikiri sana sasa, angali shuleni, ni kitu gani kitakachomshika katika imani yake siku ile ambapo hapatakuwa na mwalimu wa kumwuliza wala kengele ya kumwita. Kitu hicho ni shukrani pamoja na saburi. Mambo haya mawili hayaachani, nayo hupata chakula chake katika Neno la Mungu.

Injili ya Luka yaonyesha jambo hili katika habari mbili. Habari ya kwanza imo katika sura ya 8, nayo ni ya mpanzi na mbegu zake. Mbegu nyingine zilikanyagwa njiani, nyingine zilikauka penye mwamba, nyingine zilisongwa na miiba, na nyingine ziliota katika udongo mzuri. Bwana Yesu alipowafunulia wanafunzi wake maana ya mfano huo, alieleza kwamba udongo mzuri ni watu walitunzao neno baada ya kulisikia, na kwamba mazao yao hayaji ila kwa saburi. Tena yafaa kuangalia jambo moja hapo. Mbegu ya mwambani nayo ilichipuka, na chipukizi lake lilipendeza macho. Haikukosa mwanzo mzuri; ilikosa mizizi.

Habari ya pili imo katika sura ya 17. Watu 10 wenye ukoma walisimama mbali, wakamwita Yesu awahurumie. Akawaagiza waende kwa makuhani, nao walipokuwa wakienda wakatakasika. Mmoja tu ndiye aliyerudi, akimsifu Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pake. Naye hakuwa Myahudi, bali Msamaria. Msomaji wa haraka hudhani kwamba wale 9 walikuwa watu waovu. Sivyo. Wao nao walimwita Bwana, wao nao walitii, wao nao walipona kweli. Walichukua afya, wakamsahau aliyewapa. Basi mwanafunzi aliyepata kusoma na kuandika, akapata kazi njema mjini, wala asikumbuke tena kanisa lake, wala mwalimu wake, wala mama yake aliyemlipia ada kwa kuuza ndizi, huyo ni mmoja wa wale 9. Amepona, lakini hakurudi.

Sasa yafaa kuzitazama habari za mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe aliifasiri Injili hiyo ya Luka kwa Kiswahili. Mtu huyo ni Johannes Rebmann, aliyezaliwa mwaka 1820 katika mji wa Gerlingen, Ujerumani. Alitumwa na chama cha misioni cha Uingereza kilichoitwa Church Missionary Society, akafika Mombasa mwaka 1846. Huko alimkuta Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf, aliyetangulia kufika mwaka 1844. Krapf alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa nchi ngeni, maana mwezi wa Julai wa mwaka ule wa 1844 alimzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Hata hivyo hakurudi kwao, na kazi ya kufasiri Maandiko aliyokuwa ameianza mwezi mmoja kabla ya msiba huo hakuiacha. Hao wawili wakajenga Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, wakakaa kati ya watu wa huko na kujifunza lugha yao.

Jina la Rebmann hukumbukwa zaidi kwa ajili ya mlima. Tarehe 11 Mei 1848, alipokuwa safarini kwenda nchi ya Wachaga, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake alimwambia kwamba kitu kile cheupe ni baridi tu, naye Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Alipoandika habari hiyo, wako wataalamu wa Ulaya waliomdhihaki, wakisema kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Miaka 13 ikapita, ndipo mwaka 1861 msafiri mwingine, von der Decken, akaenda akauona mlima ule, na maneno ya Rebmann yakaonekana kuwa kweli. Lakini safari ile ilikuwa ya muda mfupi. Kazi iliyompima Rebmann ilikuwa ile ya kukaa mahali pamoja mwaka hata mwaka.

Krapf na Rebmann hawakuwa na nia moja katika mambo yote. Krapf alitamani kuona vituo vya Injili vikifuatana toka pwani ya mashariki mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Rebmann aliona heri kukaa, kufundisha watu wachache na kuandika lugha zao vizuri. Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya ugonjwa, na Rebmann akabaki. Mtu wa kwanza kuamini pale Rabai hakuwa mkuu wala tajiri, bali kiwete maskini jina lake Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Baada yake waliamini wengine, mmoja mmoja, nao walikuwa wachache sana. Vita vilimfukuza Rebmann kwa muda, akakaa Unguja, kisha akarudi. Mwaka 1866 mkewe alifariki. Macho yake nayo yakaanza kufifia hata akawa kipofu. Tangu alipofika mwaka 1846 mpaka alipoondoka mwaka 1875, yaani miaka 29, hakurudi kwao hata mara moja.

Hapo mtu aweza kuuliza, Je, miaka 29 kwa watu wachache kama hao si hasara? Swali hili ni la haki, tena watu wa zamani zile waliliuliza. Jibu lake laweza kuonekana palepale Rabai, penye minazi mingi. Atakaye mavuno ya upesi na apande mtama, naye atakula baada ya miezi michache. Lakini mnazi mrefu wa pwani huweza kukaa miaka 6 au 7, na pengine zaidi, kabla ya kuzaa. Mtu apitaye mwaka wa tatu na kuuona hauna hata nazi moja, asimcheke aliyeupanda. Mwaka 1885, baada ya Rebmann kufa, Waafrika wawili, William Jones na Ishmael Semler, walipewa daraja ya ushemasi na Askofu James Hannington. Wote wawili walikuwa wameokolewa utumwani wakiwa watoto, na Jones alifanya kazi palepale Rabai. Wala kazi ya kalamu haikupotea. Injili ya Luka ya Rebmann ilipigwa chapa mwaka 1876, mwaka uleule aliofariki. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na ile iitwayo Union Version ilitoka mwaka 1952. Kila kitabu kilisimama juu ya kazi ya waliotangulia.

Walakini saburi peke yake haitoshi. Punda naye huvumilia mzigo, wala hakuna mtu aliitaye jambo hilo imani. Mtu aweza kuvumilia kwa kiburi, asitake kushindwa. Aweza kuvumilia kwa manung'uniko, akihesabu kila siku mambo aliyonyimwa. Saburi ya namna hiyo huukausha moyo, na mwisho wake mtu huwachukia hata wale aliokuja kuwatumikia. Kitu kiifanyacho saburi kuwa tamu ni shukrani. Mwenye kushukuru huanza kuhesabu aliyopewa, na mtu ajuaye kwamba amepewa mengi haoni tabu kubwa kutoa kidogo. Ndiyo maana yule Msamaria alirudi upesi. Hakuihesabu njia, aliihesabu afya yake.

Shukrani ya namna hiyo ilionekana kwa kijana mmoja Mkristo wa Rabai, jina lake Isaac Nyondo. Wakati Rebmann alipokuwa kipofu, hana mke wala mtoto karibu naye, Nyondo alimtunza. Na alipoondoka mwaka 1875, Nyondo alisafiri pamoja naye katika meli mpaka Ulaya. Mwalimu alikuwa amewaongoza vijana wa Rabai kwa miaka mingi, na sasa kijana wa Rabai akawa macho ya mwalimu. Rebmann alifariki mwezi wa Oktoba 1876 katika mji wa Korntal, Ujerumani. Wale wasemao kwamba kazi yake ilikuwa bure wamesahau kumhesabu Nyondo. Mtu aliyemfundisha hata mwanafunzi mmoja kurudi na kushukuru amefundisha jambo ambalo wagonjwa 9 kati ya 10 hawakulijua.

Tena shukrani humfungua mtu macho, awaone wote waliomtendea mema. Krapf alipoanza kufasiri Maandiko mwaka 1844, kadhi mmoja wa Mombasa, Mwislamu, alimsaidia. Rebmann alipoandika kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, maneno yake aliyapata kwa mtumwa mmoja aitwaye Salimini, aliyetoka nchi hizo. Basi mwanafunzi afunguapo kitabu chake na akumbuke kwamba kazi hii imepita katika mikono ya watu wa namna nyingi, wazungu na weusi, Wakristo na wasio Wakristo, huru na watumwa. Mtu ajuaye hayo hatamdharau jirani yake wa dini nyingine, wala hatamwona mtumishi wa nyumbani kuwa si kitu.

Mwanafunzi ataanzaje? Kwanza, asome kidogo kila siku, naye akifanye kile alichokisoma. Mtoto asomaye kifungu kimoja kihusucho kusamehe, kisha akaenda kumpa mkono mwenzake waliyegombana naye mchezoni, amesoma zaidi ya yule aliyemaliza sura tano na kubaki na kinyongo. Pili, arudi. Kama yuko bibi aliyemlea, amtekee maji bila kuitwa. Kama yuko mwalimu aliyemfundisha herufi za kwanza, amwamkie kwa heshima hata kama yeye mwenyewe sasa amempita kwa elimu. Waswahili husema kwamba asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru, na neno hili ni kweli katika mambo ya Mungu kama lilivyo kweli katika mambo ya nyumbani. Tatu, asipime kazi yake kwa mavuno ya mwezi mmoja. Atachekwa akikataa kumwonyesha mwenzake majibu ya mtihani; ataombea jambo fulani wala asione limetendeka; atafundisha watoto wadogo siku ya Jumapili, na Jumapili inayofuata atawakuta wamesahau yote. Na awafundishe tena.

Siku yaja ambapo kila mwanafunzi ataondoka shuleni na sanduku lake kichwani. Mle ndani zitakuwamo nguo, na hati, na Kitabu. Nguo zitachakaa, na hati itaonyeshwa mara moja kwa mwenye kazi, kisha itakunjwa. Kitabu ndicho kitakachoonyesha kama mtu huyo ni mmoja wa wale 9 au ndiye yule mmoja. Kama kitatolewa sandukuni jioni ileile ya kwanza, na kusomwa, na kutendwa, na jioni ya pili vivyo hivyo, hapana haja ya mtu mwingine kumwuliza tena. Amekwisha kurudi.