Mwacheni binti avute upinde wake
KANDO YA KAWALASE, na Akiru Ebei

Hasira niliyopandia matatu Kakuma Jumamosi jioni nimeshuka nayo Lodwar ikiwa moto vilevile, na barabara ile ni kama kilomita 120. Mnaonisoma kila wiki mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya makala yangu juu ya mabomba makavu ya maji. Mabomba yatasubiri, yamezoea. Leo nataka kusema juu ya mchezo, na juu ya kifutio.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkahawa wa Wahabeshi kule kambini Kakuma, ule utaratibu wa kahawa yao ukiendelea taratibu, ubani unafuka. Meza ya pili walikaa vijana watano, wenyeji na wakimbizi pamoja, wamezungukwa na karatasi za fotokopi, penseli, kitabu kinene na dadu za rangi rangi zenye pande nne, nane, hadi ishirini. Kijana aliyeshika kitabu ni wa hapa Lodwar, anasoma chuo kikuu Nairobi, amekuja likizo na mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliouchapisha mwaka 1974. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anaunda mhusika wake, anamwandikia uwezo wake kwa tarakimu, kisha anamtia hadithini. Unataka mhusika wako aruke korongo au apambane na joka? Rusha dadu, msimulizi aseme kilichotokea.

Nilifurahi sana kuwaona. Hakuna umeme unaohitajika, hakuna bando la kununua. Vijana wa Kakuma na Lodwar wamekaa meza moja, wanasimuliana kwa Kiswahili, kila mmoja anasikilizwa zamu yake ikifika. Nilisogeza kiti karibu.

Ikafika zamu ya binti mmoja, Mkongo wa Kivu aliyekulia kambini na kumaliza kidato cha nne hapo hapo. Akasema anataka mpiga upinde. Msimulizi akachangamka, akaanza kumsomea kwa kichwa. Chagua elfi, wale watu wa msituni wenye masikio marefu. Tarakimu yako kubwa iweke kwenye Wepesi. Chukua mtindo wa upinde, utaongezewa 2 kila unapolenga. Chukua upinde mrefu, madhara yake ni dadu ya pande 8, unafika futi 150 bila shida na mwisho wake futi 600. Ukipanda ngazi chukua ustadi wa mlenga shabaha: unakubali kupunguziwa 5 kwenye kulenga ili uongezewe 10 kwenye madhara. Halafu simama nyuma, wenzako wazuie mbele, wewe piga tu.

Binti alimwacha amalize. Kisha akasema wake si elfi. Ni mwanadamu, mwanamke mwenye mwili, na upinde wake hakuna mwingine kijijini anayeweza kuuvuta. Mishale yake ina sumu aliyoipika mwenyewe. "Kama Liyongo," akasema, na tayari alikuwa ameandika 17 mbele ya Nguvu.

Kijana akachukua kifutio. Akaifuta ile 17 kwa mkono wake, kwenye karatasi ya mwenzake. "Nguvu ni ya watu wa shoka, dada. Upinde ni Wepesi. Na hii ni fantasia, si Fasihi." Meza ikacheka. Binti akasema, "Sawa, kaka," akaandika elfi.

Mimi siwezi kunyamaza, mnanijua. Nikamwuliza yule kijana kwa nini. Akanijibu kwa adabu kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Mama, kitabu ndicho kinasema. Na hata sisi Waturkana ni watu wa mikuki. Upinde si wetu."

Kijana wangu, kaa chini.

Tuanze na Liyongo, kwa sababu umemcheka. Fumo Liyongo wa pwani, ambaye utenzi wake Muhammad Kijumwa aliuandika mwaka 1913, ni jitu la mtu, mwenye nguvu za kutisha, na silaha yake ni upinde. Maadui zake walipanga wakapande mikoma kwa zamu kuangua makoma, zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu, mikono imeshika mti. Liyongo hakupanda. Alisimama chini akaangua makoma kwa mishale, wao wakabaki kutazamana. Miti ile ile imejaa kando ya Turkwel, mama zetu wanasuka vikapu kwa majani yake, na sijawahi kupita chini yake bila kumkumbuka. Na alipochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, alikwenda karibu na kisima, akapiga goti, akatia mshale upindeni, akafa hivyo hivyo. Watu walikaa siku wakiogopa kusogea kuteka maji, wakidhani yu hai. Nitajieni elfi aliyewahi kulinda kisima akiwa maiti! Huyo ndiye mpiga upinde ambaye binti alitaka kumleta mezani. Alimsoma darasani huko huko Kakuma, akamweka moyoni, wakati wenzake walimkariri kwa ajili ya mtihani na kumwacha kwenye chumba cha mtihani.

Sasa hilo la Nguvu na Wepesi. Waata, wale wawindaji wa ndovu wa nyika ya Tsavo ambao wengine huwaita Waliangulu, walivuta pinde za kilo 45 na zaidi. Chukua mfuko wa simiti, uvute kwa vidole mpaka ufike shavuni, kisha utulize mkono ulenge. Hiyo ni kazi ya mgongo na mabega. Mvulana wa Kiwaata alikuwa anaijenga miaka mingi kabla hajaruhusiwa kumkaribia ndovu. Na alimkaribia kweli, hatua chache tu, akisoma upepo, maana mshale ni lazima upenye ngozi ile. Futi 600 za kwenye kitabu ni za mtu asiyejua njaa ya kukosa. Waliotunga mchezo wenyewe waliwahi kuliona hilo: katika toleo la 2000 kulikuwa na pinde nzito ambazo nguvu za mvutaji zilihesabiwa kwenye madhara. Toleo la 2014, ambalo kijana wetu analishika kama msahafu, likaziacha.

Na sumu! Kwenye kitabu kile kichupa cha sumu ya kawaida ni sarafu 100 za dhahabu, mara mbili ya bei ya upinde mrefu wenyewe, na madhara yake ni dadu ya pande 4. Adui akirusha akapata 10, haimfanyi kitu. Nilipolisoma hilo nilikifunga kitabu. Waata, Wagiriama na Wakamba walichemsha magome na mizizi ya msunguti kwa saa nyingi mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami, wakaipaka chini ya ncha ya mshale, wakaizungushia ngozi laini isikauke. Sumu hiyo inasimamisha moyo. Iliangusha ndovu. Yuko hata panya mmoja wa nchi hizi, mkubwa, mwenye manyoya marefu, anayetafuna magome ya msunguti na kujipaka mate yake ubavuni, mbwa akimuuma anakiona. Wanasayansi waliliandika hilo mwaka 2011. Kule Ziwa Eyasi Wahadza wanatumia waridi la jangwani, lile lenye maua ya pinki, wanachemsha utomvu wake. Hayo yote ni maarifa ya kupika, ya kupima, ya kungoja. Mhusika mwenye maarifa hayo anajaza hadithi usiku mzima: nani alimfundisha, mti uko wapi, nani anautaka, nini kinatokea mtoto akigusa podo. Elfi anayesimama nyuma na kuongezewa 10 anajaza nini?

Waata wenyewe wana kisa ambacho msimulizi yeyote angekililia. Mwaka 1948 nyika yao ikatangazwa Hifadhi ya Tsavo, na kazi ya baba zao ikawa uhalifu. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja operesheni kubwa dhidi ya ujangili, wakasakwa, wakafungwa, pinde zikachukuliwa. Mpiga upinde aliyenyang'anywa msitu na sheria. Waingereza wana hadithi kama hiyo, wamemvisha mtu wao nguo za kijani na kumtengenezea filamu juu ya filamu.

Nije kwetu, kwa lile la mikuki. Ni kweli, Mturkana ni mtu wa mkuki, ngao na kisu cha mkononi. Lakini Turkana ni ya zamani kuliko sisi. Nataruk, kusini-magharibi mwa ziwa letu, ndani ya kaunti hii hii, watafiti walifukua kuanzia mwaka 2012 mabaki ya watu 27 waliokufa miaka kama 10,000 iliyopita, pembeni ya maji yaliyokuwapo wakati huo. Matokeo yalitangazwa Januari 2016 na timu ya Marta Mirazón Lahr wa Cambridge. Kati ya watu 12 ambao mifupa yao ilikutwa karibu kamili, 10 walikuwa na alama za kuuawa: mafuvu yaliyopondwa, majeraha ya mishale shingoni na kichwani. Mmoja alikuwa mjamzito. Ndani ya fuvu la mwanamume mmoja kulikuwa bado na kipande cha obsidiani, jiwe jeusi la volkeno ambalo ni nadra sehemu zile, kwa hiyo watafiti wanadhani waliopiga walitoka mbali. Miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa duniani wa kundi kushambulia kundi, huo ni wetu, na umeandikwa kwa mshale. Unaambiwa upinde si wa Turkana?

Najua tatizo liko wapi. Kijana amejifunza mchezo kwa video za Wamarekani, na Wamarekani hao wamempata mpiga upinde wao kwa J. R. R. Tolkien, vitabu vya 1954 na 1955, na kwa filamu iliyotoka 2001 ambamo elfi wake Legolas hamalizi mishale. Sina ugomvi na Legolas. Mtu anayempenda amchukue. Ugomvi wangu ni na kile kifutio.

Kwa sababu mchezo huo huo, kwenye kitabu chake cha msimulizi, unampa msimulizi mamlaka ya kubadili kanuni meza yake ikihitaji. Kijana alikuwa na ruhusa kutoka kwa wenye mchezo. Angeweza kusema upinde wa binti unavutwa kwa Nguvu. Angeweza kusema sumu yake inarudiwa kila zamu mpaka atibiwe, lakini kuipika ni siku nzima ya hadithi na msunguti hauoti kila mahali. Ni mistari miwili ya penseli. Badala yake alimfuta mtu mzima, mwenye mwili, upinde na mapishi yake, mbele ya wenzake, na yule aliyefutwa amezoea kufutwa: ni binti ambaye hata kuja hapa Lodwar kununua penseli anahitaji kibali cha kutoka kambini. Mahali pekee ambapo angeweza kwenda bila kibali ni pale mezani.

Likizo haijaisha, kijana, na najua unasoma safu hii kwa sababu mama yako huniambia. Jumamosi mnacheza tena. Mrudishie 17 yake, na mbele ya wale wale waliocheka.