Maswali na Majibu: Joto Huenda Wapi?



Mwezi huu tumeweka kando maswali ya tohara na mirathi ili tujibu barua tatu zilizotujia juu ya jambo moja, nalo ni joto. Wala mtu asidhani kuwa jambo hili si la gazeti la dini. Barua ya tatu imetoka kwa kijana wa sekondari aliyekhitilafiana na baba yake kwa ajili ya somo hili, na nyumba inayogombana kwa sababu ya elimu haifai kuachwa bila ya jawabu. Sisi ni walimu wa chuoni. Tulichonacho katika elimu hii tumekipata vitabuni na kwa kuwauliza wanaoisomesha, na tutaeleza yale tu tuliyoyahakikisha.

SWALI LA KWANZA: Kijiko cha chuma na mwiko wa mti vimelala jikoni usiku kucha. Alfajiri nikivishika, kijiko ni baridi na mwiko si baridi. Je, mti una joto lake la asili?

JIBU: La, hauna. Vitu hivyo viwili vimelala mahali pamoja, na ukivipima kwa kipimajoto utaviona sawasawa. Mkono wako hauhisi joto la kitu tu, bali wahisi pia upesi wa joto kutoka mkononi mwako. Chuma hulipitisha joto upesi, mti hulipitisha polepole. Ndiyo maana sufuria hufanywa ya chuma na mpini wake hutiwa mti. Basi shika asili hii: joto hutoka penye moto kwenda penye baridi mpaka pande mbili zilingane. Baridi haiingii mkononi. Ni joto linalotoka.

SWALI LA PILI: Maji yakisha kuchemka, je, tukizidisha kuni yatazidi kuwa moto? Na kwa nini mtungi wa udongo hupoza maji?

JIBU: Hayatazidi. Huku pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 hivi, na hubaki hapo hapo hata ukitia gogo zima. Joto linalozidi huenda katika kuyageuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni kubwa. Kuipasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 30 mpaka 100 kwahitaji juli 300 hivi, na juli ni kipimo cha nishati. Lakini kuigeuza mvuke gramu hiyo hiyo kwahitaji kiasi cha juli 2,260, yaani zaidi ya mara saba. Basi mwenye kuchochea moto mkali chini ya maharagwe yanayotokota anaunguza mali yake bure. Na afunike chungu, apunguze moto, yaendelee kutokota taratibu. Yataiva kwa muda ule ule. Israfu ya kuni ni israfu kama nyingine.

Ama mtungi, siri yake ni hiyo hiyo. Maji machache hupenya udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke, na joto la kugeukia huchukuliwa katika maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliopakwa rangi haupozi, kwa kuwa rangi imeziba matundu yake.

SWALI LA TATU: Mwalimu wetu ametufundisha kuwa nishati haiumbwi wala haiangamii. Nilipolisema hilo nyumbani baba alisema ni kufuru, na anataka niliache somo la fizikia. Tena tumefundishwa kuwa kuna kitu kiitwacho entropi, nacho huzidi daima. Je, niache?

JIBU: Usiache. Lakini kwanza mfahamu baba yako, kwani ugomvi wenu umezaliwa na neno moja tu. Kuumba, katika masikio ya Mwislamu, ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Asemaye kuwa kitu hakiumbwi huonekana amesema kuwa kitu hicho hakina Muumba. Wataalamu hawakukusudia hayo.

Tazama walikoanzia. Mwaka 1798 Count Rumford, aliyesimamia kazi ya kutoboa mizinga mjini Munich, Ujerumani, alieleza jinsi shaba ilivyopata moto kwa msuguano. Aliizungushia maji, farasi wakakizungusha chombo, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila ya kuni wala makaa. Kisha, katika miaka ya 1840, Mwingereza James Joule aliangusha mizani nzito iliyozungusha mapanga ndani ya maji, akapima, akaona kuwa kazi ya kiasi kimoja huleta joto la kiasi kile kile. Hapo ikathibiti kuwa nishati hubadilika sura, na jumla yake haizidi wala haipungui.

Hiyo ni hesabu ya ghala. Mtunza ghala akisema, "Tangu nilipopewa ufunguo hakikuingia kitu wala hakikutoka," je, amemkana tajiri aliyelijaza? Hakumkana. Tena kanuni hii yasema kuwa mwanadamu hawezi kutoa nishati pasipo na kitu. Baba yako alikuwa akiyaamini hayo kabla ya wewe kwenda shule.

Ama entropi, ni kipimo cha kutawanyika kwa nishati. Mfaransa Carnot alionyesha mwaka 1824 kuwa mashine ya joto haifanyi kazi ila joto likishuka kutoka penye moto kwenda penye baridi, na Mjerumani Clausius akakipa kipimo hicho jina mwaka 1865. Chai ikipoa mezani, joto lake halikupotea. Limetawanyika chumbani, na halitajikusanya tena kikombeni lenyewe. Friji nayo hulitoa joto ndani na kulitupa jikoni, pamoja na joto la umeme inaoutumia. Kwa hiyo ukiuacha mlango wake wazi, jikoni hapapoi bali huzidi joto.

Wako pia wahubiri wanaosema kuwa entropi yazuia kitu chochote kupata mpango, wakaifanya hoja ya dini. Hoja hiyo haisimami. Kokwa ya embe huwa mwembe mbele ya macho yetu, wala kanuni haikuvunjika, kwani mti hupokea mwanga wa jua na kutoa joto nje, na jumla ya entropi imezidi. Imani yetu haihitaji kuegemezwa kwenye hoja dhaifu. Siku hoja ikianguka, vijana watadhani dini imeanguka nayo.

Basi, kijana wetu, mwendee baba yako kwa adabu, umpe mkono, umwandalie kikombe cha chai, umweleze kwa chai hiyo. Usimwambie kuwa hajui. Mwambie kuwa neno lilikuwa na maana mbili. Nawe, baba, usilitoe neno la kufuru kabla ya kuuliza maana, maana neno hilo ni zito, na kulirudisha ni taabu. Mlipie mwanao ada, amalize somo lake. Waislamu wanahitaji mafundi na matabibu, nao hawapatikani ila kwa njia hii.

Wallahu aalam.