Majaliwa Hayakumwua Sohrab

Nimechoka na uhakiki wa "ndivyo ilivyoandikwa." Kila inapotajwa tanzia ya Rostam na Sohrab katika Shahnameh, utendi ambao Ferdowsi wa Uajemi aliukamilisha mnamo mwaka 1010, mhakiki hukunja mikono: baba kamwua mwanawe bila kumjua, majaliwa hayo. Eti kwisha kazi!

Hebu tuichukue nadharia ya usimulizi, ile inayotutisha kwa maneno yake magumu. Mfaransa Gérard Genette, mwaka 1972, alitenganisha maswali mawili: nani anasema, na nani anaona. Mimi naongeza la tatu: nani anajua, na kanyamaza?

Tuwahesabu basi. Afrasiyab, mfalme wa Turan, anajua. Anawatuma makamanda wake wahakikishe kijana hamtambui baba yake. Hojir, mateka wa Kiirani, anaulizwa hema la Rostam ni lipi, anajua, anadanganya. Rostam mwenyewe anaulizwa jina na mwanawe uwanjani, analikana! Akibwagwa, anamlaghai kijana kwamba desturi hairuhusu kuua kwa mweleka wa kwanza. Na jambia likishazama kifuani mwa Sohrab, mfalme Kay Kavus ana dawa ya kumponya. Anainyima, akihofia kwamba baba na mwana wakiungana watamng'oa kitini.

Majaliwa yako wapi hapo, jamani? Mimi naona watu, tena wenye vyeo.

Wengine hukimbilia kwa Mrusi Vladimir Propp, ambaye mwaka 1928 alizigawa ngano katika matendo 31, mojawapo shujaa kutambuliwa kwa alama. Haya, alama ipo: Sohrab amefungwa mkononi kito alichoachiwa na baba yake. Lakini kimefunikwa na deraya, kinaonekana mtu keshachomwa. Ukiandika "utambuzi" kwenye jedwali ukapita, hujauliza nani aliuchelewesha.

Nitajibiwa kwamba Ferdowsi mwenyewe anaitaja kudra. Kweli, na mwisho anatudokezea mapema. Ndiyo maana hatuulizi tena "itakuwaje?" Tunabaki kuuliza, kila ukurasa, "nani angezuia?" Na kila mara yupo mtu.

Vijana wenzangu tunaoandika riwaya, tusijifiche nyuma ya kudra. Mhusika akifa kwa sababu wakubwa walificha neno moja, tuwataje. Kumwachia Mungu kesi ya watu ni woga, hata ukiuita uhakiki.