Matineja wafunzwe kuongozana kanisani

Mzazi, binti yako wa shule ya upili akipatwa na jambo zito, unadhani atamwendea nani kwanza? Pasta? La hasha! Wewe? Huenda, lakini utakuwa wa tatu au wa nne kujua. Wa kwanza ni mwenzake wa rika moja, yule anayeketi naye kwenye benchi la nyuma ibada ikiendelea, simu imefichwa ndani ya Biblia.

Hapa Eldoret, kuanzia Langas hadi Kapsoya, makanisa yamejaa vijana. Waanglikana wana KAYO, Wakatoliki wana YCS, na wengine wana vikundi vyao. Lakini hebu tazama kazi wanazopewa: kupanga viti, kuimba kwaya, kuigiza mchezo wa Krismasi. Si mbaya, ila kupanga viti si uongozi, na vijana wenyewe wanalijua hilo.

Rika lina nguvu kubwa. Mnamo Januari 1, 2008, kundi la vijana lilichoma kanisa la Assemblies of God huko Kiambaa, viungani mwa Eldoret. Waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto waliokimbilia humo kujisitiri. Siku hizo hizo, marehemu Askofu Cornelius Korir aliwapokea maelfu ya wakimbizi katika ua wa kanisa kuu la Sacred Heart. Watoto waliozaliwa baada ya hapo ndio matineja wetu wa leo. Kijana akiwa na wenzake huenda mahali ambapo peke yake hangethubutu, pawe pazuri au pabaya. Inategemea aliye mbele ni nani.

Wanariadha wetu wanalifahamu hili. Eliud Kipchoge alifanya mazoezi Kaptagat kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, lakini barabarani ni wanariadha wenyewe waliovutana. Kocha hawezi kumkimbilia mtu mbio zake.

Basi tineja afunzwe nini? Kwanza kusikiliza, na hili ni gumu kuliko kuhubiri. Kijana aliyeokoka juzi hupenda kumtupia mwenzake aya tatu za Biblia kabla hajamaliza kueleza shida yake. (Hata sisi watu wazima tuna ugonjwa huo.) Wafanye mazoezi ya kuigiza: mmoja aseme amefukuzwa nyumbani, mwingine asikilize dakika tano bila kumkatiza.

La pili ni siri, na hapa ndipo pana hatari. Tineja kiongozi asiahidi kamwe kwamba hatamwambia mtu yeyote. Afunzwe kusema tangu mwanzo: "Nitakutunzia siri yako, ila nikiona maisha yako yamo hatarini, tutaenda pamoja kwa mtu mzima." Mwenzake akisema amenajisiwa, anapigwa nyumbani au hataki kuishi tena, mtoto wa miaka 15 hawezi kuubeba mzigo huo, wala si haki kumtwika. Aupeleke siku hiyo hiyo kwa mtu mzima aliyeteuliwa na kanisa, naye mtu mzima huyo ajue la kufanya. Nambari ya 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Na ikiwa mtuhumiwa ni mzee wa kanisa? Ndiyo maana wateuliwe watu wazima wawili, mmoja mwanamke.

Kuhusu uongozi wenyewe, wapeni kazi ya kweli. Kikundi cha watu sita au wanane kinatosha kuanzia. Mlezi aongoze mara moja wakimtazama, kisha waongoze naye, halafu yeye akae nyuma akinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda walezi wengi! Wapewe pia fedha kidogo za kupangia matumizi, na watoe hesabu.

Kumbuka wengi wao wako shule za bweni. Mafunzo ya kila Jumamosi hayatawafaa. Yafanywe likizoni, Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka.

Leo ni Jumapili. Ibada ikiisha, mwulize mlezi wa vijana: tineja akipata habari nzito kutoka kwa mwenzake, anampelekea nani? Asipokutajia jina, lipeleke swali hilo kwa wazee wa kanisa kabla shule hazijafungwa.