Usianze na Biti

Wasee, kila wiki napata ujumbe uleule: "Bro, nataka kuanza muziki, nitatoa wapi biti ya bure?" Nami najibu vilevile, ingawa wengi hawafurahii. Wacha biti kwanza.

Mimi pia nilianza na biti. Nilipakua moja nikiwa bado chuo, nikakesha nikiijaza maneno: magari sijawahi kupanda, pombe sijawahi kununua, Nairobi ambayo nilikuwa nimepita tu na basi. Nikarudi likizo hapa Butere, nikamchezea kukhu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa huyo mwenye gari ni nani?" Hakuwa ananicheka. Alitaka kujua kweli, na mimi sikuwa na jibu.

Muhula uliofuata pesa ya karo ilikosekana, nikaacha chuo. Nilishuka steji na godoro mgongoni. Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga. Hakuuliza mbona. Aliangalia mzigo wangu, akasema, "Kumbe umerudi na godoro." Basi. Mtu wa likizo harudi na godoro, na yeye aliju­a hivyo.

Hapo ndipo nilipata wimbo wangu wa kwanza wa maana. Kwa hivyo kama unaanza, tafuta sentensi moja mtu alikuambia na bado inakuuma, au inakuchekesha. Iseme kwa sauti ukitembea, mara ishirini, vile ilisemwa. Utasikia sauti inapanda wapi na kushuka wapi. Huo ndio mwanzo wa tuni yako. Usiilazimishe. Kiswahili kawaida kinaweka mkazo kwa silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiuhamisha ovyo neno linaharibika. Imba "barabara" vibaya uone: ulitaka njia ya magari, watu watasikia "sawasawa".

Na vina visikusumbue. Karibu maneno yetu yote yanaisha na vokali, kwa hivyo kina ni rahisi kupata, na ndio maana wanaoanza wanakimbilia hapo. Unaandika "mapenzi", unatafuta "machozi", unamaliza na "usingizi", na hakuna kitu umesema.

Sentensi yako ifanye korasi. Angalia isukuti ya wenzetu wa Isukha na Idakho: mmoja anaanzisha, umati unajibu. Kama marafiki zako hawawezi kujibu korasi yako ikirudi mara ya pili, bado ni ndefu. Kata. Beti zako zibebe yaliyotokea: nani alikuwa hapo, alikuwa ameshika nini, jirani aliuliza nini. Beti mbili zinatosha.

Eti huna vyombo? George Mukabi, mtu wa Kisa, hapa tu jirani, alipiga omutibo kwa gita moja na chupa ya Fanta ikigongwa pembeni. Alifariki 1963 na nyimbo zake bado zinasikizwa. Wewe una meza na kijiko. Gonga, imba, jirekodi na simu. Ikisimama hivyo, sasa ndio utafute biti, na utajua unatafuta ya mwendo gani. Biti ni muhimu, sikatai, watu wanataka kucheza. Lakini hizo programu za akili unde zinazokuandikia wimbo kwa sekunde kumi, zitakupa gari lilelile la kukhu kuuliza ni la nani. Hazilijui godoro lako.

Wangu nilimwimbia mama jikoni, bila kitu, nikigonga sufuria. Niliogopa kuliko siku ile ya steji. Alinyamaza mpaka nikamaliza, akaendelea kukoroga ugali.

"Umesema nilikuwa nachambua sukuma," akasema. "Ilikuwa mrenda."

Nimerekebisha.