Matunda ya Porini na Sahani ya Maharagwe
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wako wenzetu wengi hapa bwenini waonao haya kula matunda ya porini. Tofaa moja la dukani watalisifu wiki nzima, lakini msichana akirudi likizo na furu au mabuyu, ataitwa mshamba mpaka afiche sanduku lake. Mimi nasema kicheko hicho ni hasara yetu sote, na naomba wazazi na walimu wanisikilize kidogo.

Nianze na zambarau, maana kila mtu aijua. (Mzambarau huu wa mitaani asili yake ni India, lakini sasa umekuwa mwenyeji.) Ukiila, ulimi hubadilika rangi. Rangi ile huitwa anthosayanini, nayo ni mojawapo ya vitu viitwavyo antioksidanti. Kazi yake tunaweza kuiona jikoni. Kata parachichi uliache, baada ya muda litageuka jeusi kwa sababu ya oksijeni. Lipake maji ya limau, litakaa na rangi yake muda mrefu zaidi. Vitamini C iliyo katika limau husaidia kuzuia. Ndani ya mwili pia oksijeni huleta uharibifu wa namna yake, na vitu hivi husaidia kuupunguza.

Lakini hapa wafanyabiashara wameongeza chumvi mno. Huuza unga na vidonge wakisema ati vinazuia kila maradhi. Mwaka 1994 wataalamu wa Finland walitoa habari za wanaume 29,133 wavutao sigara. Wale waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, zaidi kwa asilimia 18. Tena mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya nguvu za antioksidanti katika vyakula, kwa kuwa vipimo vya maabara havikuonyesha faida kwa afya ya mtu, na wenye biashara walikuwa wakivitumia vibaya. Kwa hiyo mtu asiniambie kuwa zambarau ni dawa. Zambarau ni tunda.

Basi kwa nini nayatetea? Kwa sababu ya maharagwe yetu. Twala ugali na maharagwe karibu kila siku, na si vibaya, maana maharagwe yana madini ya chuma yatumikayo kutengeneza damu. Shida ni kwamba chuma cha mimea huingia mwilini kwa uchache sana, hasa pakiwa na nafaka. Vitamini C ikiliwa katika mlo ule ule huongeza kiasi kinachoingia. Ikiliwa saa nyingi baadaye haisaidii jambo hilo. Sisi wasichana twapoteza damu kila mwezi, na uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Msichana akilegea darasani watu husema ni mvivu. Labda ni mgonjwa.

Hapo ndipo buyu linapoingia. Unga wake mweupe una vitamini C nyingi; vipimo hutofautiana, lakini mara nyingi huwa miligramu 150 hadi 300 katika gramu 100, na chungwa lina kama 50. Lakini tuwe wakweli: unga ni mkavu, wala hakuna alaye gramu 100. Vijiko viwili vya chakula vyatosha kukaribia miligramu 45, ambazo Shirika la Afya Duniani limesema zamfaa mtu mzima kwa siku. Bibi yangu hutia ubuyu katika uji baada ya kuuepua, na kumbe ana haki, maana moto wa muda mrefu huharibu vitamini hiyo.

Sisemi wanafunzi watoroke kwenda porini. Yako matunda yenye sumu, na asiyeyajua asiyaguse. Wala sisemi tununue ule ubuyu mwekundu wa langoni, ambao sukari na rangi vimezidi ubuyu wenyewe. Nataka shule inunue mabuyu kwa akina mama wa kijijini, jikoni watoe juisi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nayo iletwe pamoja na maharagwe, si saa kumi. Wazazi nao, mjapo kututembelea, punguzeni biskuti mlete unga wa ubuyu.

Kiangazi ki karibu na mabuyu yatakuwa tele. Namwomba Matroni ajaribu muhula mmoja tu, siku za maharagwe. Kuosha ndoo za juisi nitaosha mimi, na wale walionicheka najua watakuja kunisaidia wakisikia imebaki.