Kebo ya Umeme Ipimwe Ingali Nzima

Mtu aliyekuwako Unguja baina ya Desemba 2009 na Machi 2010, siku ambazo kebo ya kilovolti 132 iliyolazwa baharini mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba haikuleta umeme, hahitaji kuelezwa maana ya giza la miezi mitatu, wala taabu ya mifereji iliyokauka kwa kuwa pampu za maji nazo zautegemea umeme uo huo. Giza la takriban mwezi mmoja lilikuwa limekwisha kupita mwaka 2008; na mwanauchumi Alfredo Burlando, alipopekua madaftari ya wodi ya wazazi, alikuta kwamba watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati ule walizaliwa na uzito uliopungua.

Kwa hiyo nauona huu kuwa mjadala wa umma, si wa mafundi peke yao: je, yafaa kuwazimia watu umeme kwa makusudi ili kipimwe kihami, yaani gamba linaloufunga umeme ndani ya waya, ilhali kebo yenyewe haijaonyesha dalili ya ugonjwa?

Wanaokataa hutaja gharama na adha, na hoja hizo nazipita upesi, kwani saa chache zilizotangazwa mapema hazilingani na miezi mitatu. Walakini wanayo hoja ya tatu, nayo ni nzito: kwamba kipimo chaweza kuiua kebo dhaifu. Hofu hii ina asili ya kweli. Kebo za kale, zilizohamiwa kwa karatasi iliyoloweshwa mafuta, zilipimwa kwa mkondo mnyoofu wenye nguvu kupita ile ya kazi, na zikastahimili. Lakini zilipokuja kebo za polithilini, mafundi waliichukua ada ile ile, wasijue kwamba chaji hunasa ndani ya plastiki iliyozeeka, na kebo iliyofaulu mtihani leo ikapasuka baada ya kurudishwa kazini. Kosa lilikuwa la njia, si la kupima. Siku hizi kebo za kilovolti 11 na 33 hupimwa kwa mkondo geu wa polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde 10, na kwa kukadiria ni kiasi gani cha nguvu kinachopotea ndani ya kihami kikigeuka joto. Zile za kilovolti 132 huhitaji mtambo mzito zaidi, unaoletwa kwa lori.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakina kauli. Usomaji wa mega, yaani chombo cha kupimia ukinzani wa kihami, hushuka joto likizidi, hushuka pia chumvi ya bahari ikiganda kwenye vichwa vya kebo, kwa hiyo tarakimu ya leo haina maana mpaka ilinganishwe na za miaka iliyotangulia. Kebo ya megawati 100 iliyoanza kazi mwaka 2013, kwa fedha za Marekani, yastahili daftari la namna hiyo, likianzia kipimo cha siku ilipolazwa, nalo liwekwe mahali ambapo mjumbe yeyote wa Baraza la Wawakilishi aweza kuliomba na kulisoma.